Sentimita 28: hesabu ya detekta katika ardhi ya Unguja

Riale ya Maria Theresa ina upana wa milimita 40 hivi na uzito wa gramu 28. Katika karne ya 19 ilizunguka Unguja ikilipia karafuu, pembe za ndovu na, Mungu atusamehe, watu. Mpaka leo wapo wanaoamini kwamba chini ya kila mwembe wa shamba la zamani kuna mtungi wa riale unaongoja mwenye bahati. Ndiyo maana mashine ya kutambua metali, ile ambayo wachimbaji wa Geita na Chunya wanaiita detekta kwa ufupi, imekuwa mazungumzo ya baraza. Na swali la baraza ni lile lile: ipi inakwenda chini zaidi?

Swali limekosewa tangu mwanzo. Hesabu ndogo inatosha kuonyesha.

Detekta ni waya uliozungushwa ndani ya sahani ya plastiki. Umeme ukipita kwenye waya huo hutoa uga wa sumaku unaozama ardhini. Uga ukigusa metali huzusha ndani yake mikondo midogo ya umeme, na mikondo hiyo nayo hutoa uga wake hafifu unaorudi juu na kusikika kwenye sahani. Kuna safari mbili hapo, ya kwenda na ya kurudi. Kitu kikishakuwa mbali na sahani, kila umbali unapoongezeka mara mbili, nguvu ya safari moja hubaki sehemu moja ya nane. Safari mbili ni nane mara nane, yaani sehemu moja ya 64.

Sasa igeuze hesabu hiyo. Mtengenezaji akiongeza nguvu ya mashine yake mara mbili, kina kinaongezeka kwa asilimia 12 tu. Kina cha sentimita 28 kinakuwa 31. Akitaka kufikia 56, anahitaji nguvu mara 64. Ukubwa wa kitu nao una kanuni yake: sarafu yenye upana wa milimita 10 husikika, kwa makadirio, nusu ya kina cha riale ya milimita 40. Kwa hiyo tangazo likisema tu kwamba mashine inafika mita mbili, bila kusema kwa kitu gani na katika udongo gani, halijasema chochote. Huenda ni mita mbili kwa pipa la mafuta.

Wanaozitumia mashine hizi wana kipimo chao cha mkono: sarafu ya kawaida, katika ardhi yenye hisani, husikika kwa kina kinacholingana na upana wa sahani. Simplex+ ya kampuni ya Nokta ina sahani ya inchi 11, yaani sentimita 28. Equinox 800 ya Minelab nayo ni inchi 11. Ya kwanza iliuzwa Marekani kwa dola zinazokaribia 300. Ya pili iliingia sokoni mwaka 2018 kwa dola zinazokaribia 900. Kwa kiwango cha shilingi 2,600 kwa dola, ambacho nitakitumia humu mote, ni shilingi 780,000 dhidi ya 2,340,000, kabla ya usafiri na forodha. Bei mara tatu, sahani ile ile. Katika mchanga mkavu mweupe, mbele ya hoteli na mbali na maji, sitegemei mwenye ya laki saba achekwe na mwenye ya milioni mbili.

Tofauti ya bei inanunua kitu kingine: uwezo wa mashine kunyamaza pale ardhi yenyewe inapopiga kelele. Somo hilo ni la kale kuliko detekta za dukani. Julai 1881 rais wa Marekani James Garfield alipigwa risasi, na madaktari hawakujua imekwama wapi mwilini. Alexander Graham Bell, yule wa simu, akaunda chombo cha kuisaka kwa umeme. Chombo kilikuwa kinafanya kazi. Kitandani kwa rais kikawa kinaguna kila upande, kwa sababu godoro lilikuwa na nyaya za chuma, na daktari mkuu naye akamruhusu Bell kupima upande mmoja tu wa mwili, upande ambao risasi haikuwepo. Garfield akafa Septemba. Huku kwetu, miezi michache baadaye, Sultan Sayyid Barghash alitoa paisa zake za shaba zenye picha ya mizani na mwaka 1299 wa Hijria. Anayezisaka paisa hizo leo ana tatizo la Bell: mashine nzima, kitanda kibovu.

Unguja ina vitanda vinne, na havifanani.

Cha kwanza ni pwani ya mashariki, Bwejuu, Paje, Jambiani. Mchanga wake ni wa matumbawe na makombe yaliyosagika, na karibu hauna chembe za chuma. Kwa detekta hiyo ni neema kubwa. Watu wa fukwe nyeusi za volkano wangetuonea wivu. Ila wakati wa bamvua bahari hupanda na kushuka kwa takribani mita 4, na ule uwanja mpana unaobaki maji yakishakupwa umelowa chumvi. Maji ya bahari hupitisha umeme mara mia na zaidi kuliko maji safi ya bomba, kwa hiyo nayo huzusha mikondo na kurudisha sauti kana kwamba ufuo mzima ni bati moja jembamba. Mashine ya masafa mamoja, kama Simplex+ ya kilohezi 12, huanza kulialia. Mwenyewe hana la kufanya ila kupunguza usikivu. Tuseme amepunguza mpaka inahitaji sauti yenye nguvu mara nane ndipo iitike: sentimita 28 zimekuwa 20. Akipunguza mara 64, zimebaki 14. Hapo ndipo milioni moja na nusu ya nyongeza inapoanza kujieleza, kwa sababu mashine ya masafa mengi, kama Equinox, hulinganisha majibu ya masafa ya chini na ya juu kwa wakati mmoja, ikaitambua chumvi kwa tabia yake na kuiondoa, huku usikivu ukibaki juu.

Kuna njia nyingine ya kuishinda chumvi, nayo ni mashine za mapigo. Hizi hurusha pigo la umeme, huzima, kisha husikiliza. Mikondo ya maji ya chumvi hufa ndani ya sehemu chache za milioni za sekunde. Mashine ikisubiri kidogo kabla ya kutega sikio, bahari imeshanyamaza. Sea Hunter Mark II ya Garrett, iliyouzwa kwa dola 700 hivi, hufanya hivyo na huzama mita 60. ATX ya kampuni hiyo hiyo iliuzwa kwa dola 2,100 hivi, shilingi 5,460,000, na ina uzito wa kilo 3 na ushei. Zinafika chini kweli. Lakini hereni nyembamba na mkufu laini navyo mikondo yake hufa upesi kama ya bahari. Ukiisubirisha mashine mpaka bahari inyamaze, hereni nayo imeshanyamaza. Tena mashine hizi hazijui vizuri kutofautisha msumari na pete, kwa hiyo utachimba vyote. Kwa pete nene ya ndoa iliyozama nusu mita ni mashine ya kutumainia. Kwa mkufu wa binti wa watu, si yake.

Kitanda cha pili ni kinongo, udongo mwekundu unaokaa juu ya mawe ya chokaa. Wekundu ule ni oksidi za chuma, na baadhi ya chembe zake zina usumaku: ukizipiga kwa uga hukubali, na ukiuondoa hukawia kuachia. Mashine huona metali pasipo na metali. Mbaya zaidi ni kwamba moto huongeza usumaku wa udongo wa namna hii. Mahali palipowahi kuwa na majiko, tanuri au nyumba zilizoungua, ardhi hupiga kelele zaidi. Na mahali hapo hapo ndipo watu waliishi na kuangusha vitu vyao. Wanaakiolojia wameigeuza kero hiyo kuwa chombo. Katika Unguja Ukuu, mji uliokuwa hai zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, walipita na vipima-sumaku wakatafuta tofauti hizo ardhini ili kuuchora mpangilio wa mji, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Wanachokiita wao data, mwenye detekta ya bei rahisi atakiita uchafu.

Katika kinongo usitazame kina kilichoandikwa kwenye boksi. Uliza kama mashine inasawazisha ardhi yenyewe wakati unatembea, au kama una kitufe cha kuisawazisha kwa mkono huku ukipandisha na kushusha sahani. Mashine ndogo za kuanzia ambazo usawazishaji wake umefungwa kiwandani, kama ACE 250 ya Garrett ya kilohezi 6.5 iliyowafundisha wengi kazi hii, zimepangiwa udongo wa wastani. Kinongo si wastani.

Cha tatu kitawakera wauzaji: maweni na uwanda, ile nusu ya kisiwa upande wa mashariki na kusini ambako jiwe la matumbawe liko karibu na jua. Jembe linagonga mwamba kabla hujafika sentimita 20. Kununua kina hapo ni kama kununua kamba ya pima arobaini kwa kisima cha pima tano. Huko Makunduchi, sehemu ya Kajengwa, mwaka 1945 zilipatikana sarafu za shaba za Kichina zaidi ya 100, nyingi za zama za Song. Hakuna aliyehitaji mita mbili.

Halafu kuna Mji Mkongwe.

Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zilipiga kasri ya sultani kwa dakika zisizofika 50. Hesabu inayotajwa ni makombora 500 hivi, risasi za bombomu 4,100 na za bunduki 1,000. Miaka michache baadaye ikaja reli ya Bububu, kilomita 11 hivi, ikipita katikati ya mji, na Ngome Kongwe ikatumiwa kama karakana yake. Reli iling'olewa, misumari yake sina hakika kama yote ilihesabiwa. Ongeza karne mbili za mabati, makufuli, vyuma vya milango, nyaya, vizibo vya soda, na mkondo wa bahari uliotenganisha Mji na Ng'ambo mpaka ulipofukiwa. Juu ya hayo weka nyaya za umeme ukutani kila uchochoro, ambazo nazo zinaingilia mashine.

Hapa hesabu inageuka kabisa. Chukua kwa mfano kipande cha ardhi chenye vichuma 40 kwa kila mita ya mraba; katika kifusi cha mjini si kingi. Sahani ya sentimita 28 hufunika eneo la sentimita za mraba 616, kwa hiyo kwa wastani ina vichuma viwili na nusu chini yake. Nafasi yake ya kusikia sarafu peke yake ni ndogo mno. Sahani ndogo ya sentimita 15 hufunika 177, wastani wa kichuma kimoja au kasoro. Umeacha nusu ya kina, umepata masikio. Mtu anayefanya kazi Mjini, kwa mfano fundi anayetafuta bomba lililozikwa au mtafiti mwenye kibali, atafaidika zaidi na sahani ya ziada ya dola 200 kuliko mashine mpya ya dola 2,000. Ni ushauri usiouza, lakini ndivyo namba zinavyosema.

Tuje kwenye muda, maana watu hupiga hesabu ya mashine wakasahau ya mkono. Tuseme unapunga upana wa mita 1.2, mpungo mmoja kwa sekunde moja na nusu, na kila mpungo unasogea nusu ya sahani, sentimita 14. Hiyo ni mita za mraba 400 kwa saa, na mipungo 2,400. Equinox 800 ina uzito wa kilo 1.34, ATX ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Baada ya mpungo wa elfu moja bega litakueleza bei halisi. Sasa ondoa muda wa kuchimba: mashimo kumi kwa saa, dakika tatu kila moja, nusu ya saa imekwenda. Umebaki na mita 200. Maji ya bamvua hutoka mchana, na ukipata saa nne za kufanya kazi kabla hayajarudi, umemaliza mita 800. Kipande cha ufuo chenye urefu wa mita 100 na upana wa 60 ni mita za mraba 6,000. Ni maji saba na nusu, na bamvua haingoji. Baada ya siku chache ni maji mafu na uwanja umefunikwa.

Na mashimo yale yafukie. Uwanja huo una wenyewe: tangu 1989 akina mama wa Paje na Jambiani wanalima mwani humo, kwa vigingi na kamba, na wavuvi wa pweza wanapita. Hakuna mashine inayorudisha mguu ulioteguka.

Kinachochimbwa ni nini hasa? Kizibo, kipande cha kopo, kizibo tena. Kivuta kopo cha alumini na pete ya dhahabu hutoa namba zinazokaribiana mno kwenye kioo, na mashine yoyote inayoambiwa ipuuze kimoja itapuuza na cha pili. Anayetaka dhahabu ya ufukweni lazima akubali kuokota takataka za soda. Kama atafanya kazi ya kutafutia wageni pete walizopoteza, na tuseme analipwa shilingi 50,000 kwa safari, Equinox itarudisha bei yake baada ya safari 47. ATX baada ya safari 110. Pete yenyewe ina mwenyewe, kwa hiyo usiiingize kwenye hesabu ya faida.

Ziko mashine ambazo sijazipigia hesabu makusudi, zile za dhahabu. GPX 6000 ya Minelab ya mwaka 2021 ilitoka ikiwa karibu dola 6,000, shilingi 15,600,000. GPZ 7000 iliuzwa juu ya hapo. Ni mashine za hali ya juu, zimetengenezwa hasa kwa udongo mwekundu mkaidi, na kwa mtu wa Chunya, ambako dhahabu inachimbwa tangu miaka ya 1920, huenda zina maana. Unguja ni kisiwa cha matumbawe, mchanga na udongo wa mfinyanzi. Dhahabu ya asili haimo. Anayekuambia ununue GPX kwa ajili ya kisiwa hiki anataka kukuuzia gari la mizigo ukabebee chungwa.

Mashine hizo pia ndizo zinazoghushiwa kuliko zote. Kampuni mama ya Minelab, Codan ya Australia, ilieleza namna kompyuta ya ofisa wake ilivyodukuliwa safarini China mwaka 2011, kisha nakala bandia zikafurika soko la Afrika. Faida yake ikaanguka kutoka dola milioni 45 za Australia hadi milioni 9.2 katika mwaka ulioishia Juni 2014. Nakala inafanana kwa rangi na nembo. Ndani yake hakuna kile ulicholipia, ambacho ni ustadi wa kuinyamazisha ardhi. Chini ya bandia kuna uongo mtupu: vifimbo vyenye antena vinavyodaiwa kunusa "mali" kutoka kilomita nzima. Mwingereza James McCormick alifungwa miaka kumi mwaka 2013 kwa kuuza vya jinsi hiyo kama vitambuzi vya mabomu. Asili yake ilikuwa kichezeo cha kutafutia mipira ya gofu, kisichozidi dola 20. Kumbuka ile 64. Uga unaopungua kwa kasi hiyo haufiki mtaa wa pili.

Kuhusu mitungi ya riale nitasema machache. Hazina zinazojulikana kwetu zilifichuka bila kelele za mashine. Miaka ya 1860 Unguja Ukuu ilitoa sarafu za dhahabu, ambazo karibu zote zilipotea; iliyotambuliwa ni dinari ya zama za Harun al-Rashid. Mwaka 1984 Mtambwe Mkuu, Pemba, zilipatikana sarafu za fedha zaidi ya 2,000 na chache za dhahabu, nazo zikasomwa, zikaandikwa, zikatupa majina ya watawala ambao tusingewajua. Hata zile sarafu tano za shaba za Kilwa zilizokutwa Australia mwaka 1944 ziliokotwa mchangani kwa macho. Tofauti kati ya Unguja Ukuu na Mtambwe haikuwa ya kina. Ya kwanza iliingia mifukoni mwa watu, ya pili ikaingia daftarini. Sheria ya kulinda mambo ya kale Zanzibar ipo tangu enzi ya Waingereza, na kuchimba kwenye magofu bila kibali cha Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale ni kosa, uwe na mashine ya laki saba au ya milioni kumi na tano.

Basi hukumu yangu. Kwa pwani za Unguja, nunua mashine ya masafa mengi ya dola 600 hadi 900, isiyoogopa kuzama mita 3, na bakisha fedha za sahani ndogo. Kwa mchanga mkavu peke yake, ya dola 300 inatosha. Mashine ya mapigo mwachie anayetafuta vitu vikubwa majini. Na kabla hujalipa, chukua sarafu ya shilingi 200, ile yenye sura ya Mzee Karume, ufukie sentimita 20 kwenye kinongo, kisha nyingine kwenye mchanga uliolowa maji ya bahari, mpe muuzaji mashine yake azisikilizishe mbele yako. Akisema mashine hii haijaribiwi hivyo, rudi nyumbani na fedha zako.